Ng'ombe Anaswagwa, Mtu Anaitwa

Siku ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ni ile Jumamosi wazee wa besi waliponyanyuka wote kwenye benchi lao, wakachukua kofia zao, wakatoka kanisani katikati ya mazoezi yangu. Hawakugombana na mtu. Hawakubamiza mlango. Walitoka kwa utaratibu, mmoja nyuma ya mwingine, na aliyetangulia alikuwa Mzee Matiko, mtu wa rika moja na marehemu baba yangu. Mimi nikabaki mbele ya kwaya na kijiti changu hewani, sijui nikishushe au nikiache huko huko.

Nakueleza habari hii kwa sababu wiki ijayo unaondoka kwenda kusimama mbele ya okestra yako ya kwanza. Umesoma, umefaulu, nota unazisoma kuliko mimi, na mkono wako wa kulia unakata mapigo safi kabisa. Nimeuona kwenye ile video uliyonitumia, nikairudia mpaka kifurushi kikaisha. Lakini jana ulipokuja kuniaga ulisema neno moja likanikosesha raha. Ulisema, "Bibi, nasikia wale wapigaji wengi ni watu wazima na ni wabishi, ila mimi nitawanyoosha." Ndiyo maana leo nimekukalisha chini. Na leo sikuiti mjukuu, nakuita mwanangu, maana mjukuu hutaniwa tu, na mimi sikukuitia utani.

Kunyoosha watu hata mimi nilipania, mwanangu. Nusura nikose kila kitu.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako, labda pungufu kidogo. Kwaya yetu ya Nyamwaga ilikuwa chini ya Mwalimu Mbwambo, mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa kazi huku akitokea Same. Mtu mrefu, mpole, anayeogopa ng'ombe, na kwetu hilo lilikuwa kichekesho kikubwa. Lakini muziki alikuwa nao. Alipiga kinanda, alitunga nyimbo, na siku aliponiona mkono wangu unacheza peke yake wakati yeye anaongoza, akaniambia, "Robhi, huo mkono unatafuta kazi." Akanichongea kijiti, akaanza kunifundisha nyuma ya nyumba yake. Mkono wa kulia unatunza mwendo. Wa kushoto unawaita watu waingie, unawatuliza, unawapandisha. Kwa kuwa siku za kazi kwaya haikuwepo, niliongoza mahindi ya mama. Usicheke. Mahindi ni kwaya nzuri, hayachelewi mazoezi wala hayasengenyi, ila upepo ukija yanafuata upepo, na soprano wetu walikuwa hivyo hivyo.

Mwalimu alikuja nyumbani kuwaeleza wazazi kazi ninayojifunza, akasema kwa Kiingereza mtu huyo anaitwa kondakta. Bibi yangu akalia machozi. Alijua napelekwa kukata tiketi kwenye gari za Tarime mjini, nining'inie mlangoni na kuita abiria. Ilichukua jioni nzima kumtuliza, na sidhani kama alikufa ameelewa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe lilivyokuwa. Kulikuwa na okestra kutoka Dar es Salaam iliyokuwa inazunguka mikoani, na ilipangiwa kupiga Mugumu, kwa jirani zetu wa Serengeti. Kiongozi wake alikuwa mwanamke, Mama Tekla, na mimi sikuwahi kusikia kwamba mwanamke anaweza kusimama mbele ya fidla na tarumbeta za wanaume wazima akawaambia anzeni. Mwalimu Mbwambo alimfahamu tangu chuoni. Akamweleza habari zangu, na Mama Tekla akajibu hivi: kwaya yenu ije iimbe na okestra yangu, na huyo msichana aongoze wimbo mmoja. Akiweza kuwashika waimbaji na wapigaji pamoja, nitamchukua nimfundishe mwenyewe. Akishindwa, abaki na mahindi yake. Mahindi alishayasikia, unaona, Mwalimu alikuwa hana siri.

Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo, na nyingine sikuiona hata kwa mbali. Baba alikuwa ameshafariki, shule ilikuwa imeishia njiani, na baba zangu wadogo walishaanza kukaribisha wageni wa heshima wanaoulizia binti. Sisemi kuolewa ni kubaya, mimi mwenyewe niliolewa baadaye na babu yako unamjua. Lakini wakati ule moyo wangu ulikuwa Mugumu, kwenye ule wimbo mmoja.

Wimbo wenyewe ulikuwa zaburi ambayo Mwalimu aliitilia sauti. Ulianza na besi peke yao. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, besi wanaingia kwenye kimya, wanaimba mstari mzima, ndipo wengine wanafuata. Bila besi hakuna wimbo, na bila wimbo hakuna Mama Tekla.

Na besi wa Nyamwaga walikuwa wazee watupu. Watu wa migomba na ng'ombe, sauti zao zilitoka chini kabisa, mpaka ulizisikia kwenye mbao za benchi ulilokalia. Walikuwa na tatizo moja tu. Walichelewa kuingia. Nashusha mkono, kimya. Nasubiri, kimya. Halafu wanakuja mmoja mmoja, kama watu wanaowasili msibani. Mwalimu akaniambia, "Mnyooshee kijiti Mzee Matiko, kifuani kabisa. Akiingia yeye, wenzake watamfuata." Lilikuwa shauri la kawaida, kila mwalimu wa kwaya angelitoa.

Basi Jumamosi ile nikafanya hivyo. Nilimnyooshea Mzee Matiko kijiti, na alipochelewa bado, nikamwongezea mkono wa kushoto, kidole mbele, nikakitikisa. Nyuma kwa watenori kijana mmoja akacheka. Mzee Matiko akakitazama kile kijiti, akanitazama mimi, akafunga mdomo. Halafu akainua mkono kwenye msumari ambapo alitundika kofia yake. Mengine nimeshakueleza.

Rafiki yangu Bhoke, aliyekuwa anaimba alto, alinifuata nje. "Robhi, umemnyooshea baba yako fimbo," akasema.

"Siyo fimbo, ni kijiti," nikasema.

"Na mkono wa kushoto juu yake."

Wewe umekulia mjini, pengine hujui uzito wa jambo hilo. Aliyetahiriwa pamoja na baba yako ni baba yako, hakuna "kama baba" hapo. Na fimbo kwetu ni ya mzee, mzee ndiye anayeinyoosha anaposema neno, iwe baraka au laana. Mtoto hainyooshi kumwelekea baba. Kidole cha kushoto ndiyo usiseme kabisa.

Mwalimu Mbwambo alishika kichwa. "Kwetu Upareni hata mchungaji akiimba tenori ananyooshewa," akasema, na alikuwa anasema kweli, maskini, mila za watu hazifundishwi chuo cha ualimu. Akaona dawa ni kuazima vijana wa sekondari kutoka Bomani. Walikuja katikati ya wiki. Vijana wazuri, wana bidii, wanaingia pale pale ninaposhusha mkono. Lakini sauti zao zilikuwa chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Walipoimba ule mstari wa kwanza niliutazama mlango, nikitumaini wenye sauti watapita nje.

Hasira nilikuwa nazo, sikufichi. Sikuona kosa langu, na hata leo nikikaa nikafikiri sioni kama nilitenda dhambi. Nilifanya nilichofundishwa, kwa kijiti nilichopewa, na waliochelewa walikuwa wao. Nilimweleza mama hayo yote jikoni, nikapanda nikashuka, nikamalizia na "mimi nina haki". Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakunyanyua hata uso.

"Ndiyo, haki unayo," akasema. "Sasa iambie ikuimbie besi."

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa Mzee Matiko. Nilimkuta zizini anamtoa ndama kupe. Nikamwamkia, "Shikamoo, tata," maana kwa Kikurya tata ndiyo baba, na nilitaka ajue kwamba hilo silibishi. Akaitikia marahaba bila kugeuka. Akaniuliza hali ya mama. Akaniuliza mahindi. Akaniuliza kama mvua ya juzi ilifika upande wetu. Ukiona mzee anakuuliza mvua, mwanangu, jibu mvua. Usikimbilie lililokuleta, litafika lenyewe.

Mwishowe akasema, "Umekuja kuomba msamaha?"

"Kama nimekuumiza, naomba," nikasema. "Lakini hasa nimekuja kuuliza. Nataka kujua mahali penyewe panapouma ni wapi."

Nadhani hilo lilimpendeza, kwa sababu alimwachia ndama, akafuta mikono, akaketi kwenye gogo. Kuuliza si ujinga. Akaniambia kwamba alipokuwa kijana alikuwa amesimama mnadani na wenzake, na kulikuwa na mtu aliyepotelewa na ng'ombe wake. Yule mtu akapita katikati ya watu na fimbo yake, akafika mbele yake, akamnyooshea. "Hapa," Mzee Matiko akasema, akaweka kiganja kifuani. "Hakusema neno. Watu wote wa mnada wakageuka kunitazama kama mwizi. Ng'ombe alionekana jioni ile ile, alikuwa amejiendea mtoni kunywa maji. Yule bwana hakurudi kuniambia pole. Wewe hukuwa umezaliwa, wala mama yako hajaolewa. Lakini Jumamosi kijana wako aliponicheka, nilikuwa nimesimama mnadani tena."

Nilishindwa kumtazama usoni. Sikuijua habari hiyo, nani angenieleza? Nilisikia uchungu kama nimemwona baba mwenyewe amesimama pale katikati ya watu.

Akaendelea, kwa sauti ile ya chini aliyokuwa nayo hata akizungumza. "Ng'ombe anaswagwa, Robhi. Mtu anaitwa. Mimi ukiniita nakuja. Ukiniswaga, nitakwenda, lakini siyo unakotaka wewe."

Sasa hapo ujana ukanipanda, nikabisha. "Nitakuiteni vipi, tata? Nikiwa mbele siwezi kusema karibuni besi, wimbo utaharibika. Mdomo siruhusiwi, kijiti siruhusiwi, mkono siruhusiwi. Nibaki na nini?"

Akacheka kidogo, kwa puani. "Hilo silijui. Kazi ya mikono hiyo umefundishwa wewe, mimi sijafundishwa. Ukilipata, tutasikia." Akarudi kwa ndama wake. "Tutasikia" ya wazee wetu siyo ndiyo wala siyo hapana. Nilitoka pale nimebeba swali, na jibu hakuna.

Jibu nilikutana nalo kisimani. Wanawake wawili walikuwa wanatwikana ndoo, jambo ambalo nimeliona tangu nizaliwe na kulifanya kila siku. Mmoja anashika huku, mwenzake kule, wanatazamana, wanavuta pumzi, ndoo inapanda kichwani na haimwagiki hata tone. Hakuna aliyesema moja, mbili, tatu. Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kitu. Nikasimama pale nikiwatazama mpaka mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nimekipata, akanitazama vibaya.

Nilichokuwa sijui ni hiki, mwanangu. Mimi nilikuwa nashusha mkono na hapo hapo nataka sauti. Wazee wale hawakuwa wanachelewa. Nilikuwa nawaita waje huku sijawapa hata nafasi ya kusimama. Mtu haimbi kabla hajavuta pumzi, na pumzi hiyo lazima mwenye kuongoza aivute nao, mbele ya macho yao, kwa mwendo ule ule ambao wimbo utakwenda. Siku hizi mnafundishwa hayo wiki ya kwanza. Mimi nilifundishwa na ndoo. Nikakaa siku kadhaa nikijaribu nyumbani. Mama akitaka kuepua sufuria, namtazama, navuta pumzi, naepua naye. Baada ya siku mbili akasema nipelekwe Tarime mjini nikapimwe pumu.

Mazoezi ya mwisho kabla ya Mugumu yakafika. Nilimwomba Mwalimu awarudishe makwao wale vijana wa Bomani. Aliniuliza mara mbili kama nina akili timamu, maana safari ilikuwa karibu kabisa, lakini akawarudisha, na benchi la besi likabaki tupu. Nikawapelekea wazee habari kwamba nimelipata, nikasema moyoni, wakija wamekuja, wasipokuja nitaolewa.

Walikuja. Ila hawakukaa kwenye benchi lao. Walikaa karibu na mlango kama wageni, kofia magotini. Nikaenda kuwaamkia, shikamooni, nikarudi mbele. Nikakiweka kijiti juu ya kinanda mbele ya watu wote. Halafu nikamgeukia Mzee Matiko kule mlangoni, nikamtazama kwanza, bila haraka, nikafungua kiganja cha kulia kikaelekea juu, chini hapa usawa wa tumbo, namna unavyompa mtu chakula. Nikavuta pumzi.

Kimya.

Nikashusha mkono, nikaanza upya. Kimya tena. Soprano wakaanza kunong'ona, Mwalimu akawa anaangalia viatu vyake. Mimi nikajiambia mtu anayeitwa ana haki ya kufikiri. Nikamtazama mara ya tatu, nikafungua mkono, nikavuta pumzi, na nikaona mabega yake yakipanda. Alivuta pamoja nami. Wakaingia wote, wazee wale, kwa mara moja, wala hawakuchelewa hata kidogo. Sijui nikuelezeje. Nililia huku naongoza, na soprano wakaharibu mstari wao kwa kunikodolea macho. Wimbo ulipokwisha Mzee Matiko alihama kutoka mlangoni, akaenda kutundika kofia yake kwenye msumari wake.

Mugumu tulikwenda, tukaimba. Sitakuchosha na habari za vumbi na nguo za kwaya. Mama Tekla alisimama pembeni na mikono kifuani wimbo mzima, na tulipomaliza alinivuta kando. "Mikono yako ina adabu iliyozidi," akasema. "Tarumbeta zangu zimelala usingizi, hukuziamsha. Lakini wale wazee wanapumua na wewe. Mengine yanafundishika. Unakuja lini?" Nilimwambia hata leo. Wenzangu walicheka kwa sababu nilikuwa sijabeba hata nguo ya kubadilisha.

Na kweli yalifundishika, ingawa kwa jasho. Kwa muda mrefu hakuniruhusu hata kugusa kijiti. Alinikalisha nyuma kabisa kwenye ngoma, nisubiri kurasa nzima ili nigonge mara moja, na nikikosea hiyo moja turudie wote. Alinipigia sauti nne kwa pamoja nimwambie ipi iko chini. Alinisimamisha mbele ya kioo. Kubwa kuliko yote, alinirudishia mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeuficha mgongoni, nikidhani Mzee Matiko ameufungia. "Wa tarumbeta wanakaa mbali," akaniambia, "pumzi yako hawaioni. Wanyooshee." Nikamweleza kwa nini siwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi waombe kwanza." Nikawa naenda kwa kila mmoja kabla ya mazoezi, namwamkia, namwambia: kaka, mzee wangu, nitakapokunyooshea pale, nakuita, naomba uje. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Adabu ni kitu kizuri, mwanangu, lakini ikizidi inageuka woga, na mwoga hawezi kuongoza watu. Hilo nalo lishike.

Kwa mkono huo nimeongoza Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, na majira mawili ya baridi nimeongoza Ulaya, ambako mpiga fidla mmoja mwenye mvi alinitazama kama mtoto aliyepotea njia. Nilimtazama, nikavuta pumzi. Na yeye ana mapafu kama mtu mwingine.

Lakini siku niliyofurahi kuliko zote haikuwa huko. Ilikuwa hapa hapa Tarime, Bomani, nilipokuja na okestra yangu mwenyewe, na kwaya ya Nyamwaga ikaalikwa kuimba ile zaburi. Mzee Matiko alikuwa bado yupo. Alishikwa mkono na mkewe kuletwa jukwaani, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Nilipokwenda kumwamkia kabla hatujaanza, alishika mkono wangu, akaupapasa mpaka akakuta kijiti. Hiki kilikuwa cheupe, cha dukani.

"Robhi," akasema, "pumzi yako siioni tena. Hiki cheupe labda nitakiona kikisogea. Ninyooshee."

Nikamwambia, "Hapana, tata. Sitaweza."

"Nani anakuomba?"

Nikauvuta mkono wangu, hakuuachia.

"Mimi ndiye ninayekuomba. Ninyooshee hapa." Akaweka kiganja kifuani, pale pale.

Nikapanda jukwaani. Ukumbi ulikuwa umejaa, wengine watu wa rika lake, wanaoijua mila na wanaomjua yeye. Nikavuta pumzi na besi wote, nikamnyooshea Mzee Matiko kijiti kifuani mbele ya watu wa Tarime. Akaingia wa kwanza. Alikuwa anacheka huku anaimba, mzee yule, na mimi sikuona haya, nilimwacha kila mtu aone ninavyolia.

Ndiyo maana nasema, mwanangu, usiende kuwanyoosha. Fika mapema kuliko wao. Waamkie, walio na umri wangu uwape shikamoo yao, wala usidhani kijiti mkononi kinakuondolea wajibu huo. Heshima si utumwa. Jifunze majina, mpaka la yule anayekaa nyuma kabisa na pembetatu yake ya chuma ya kugonga. Usishushe mkono kabla hujavuta pumzi nao. Wakichelewa, jiulize kwanza kama uliwaita au uliwaswaga. Ukikosea mapigo, na utakosea, sema nimekosea, turudie, usitafute fidla wa kumtupia lawama. Na siku utakapokuwa na haki kabisa, nao wamekosa kabisa, hata siku hiyo ishike haki yako taratibu, kwa sababu haijui kuimba. Kijiti utanyoosha, kazi ni yako na lazima uifanye. Lakini kila unayemnyooshea ana habari zake ambazo hukuwepo zilipotokea. Muombe ruhusa.

Sasa inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu aliyekupa sikio akupe na subira. Wakubwa wakuone mtoto wao, wadogo wakuone dada yao. Mkono wako uwe mwepesi, na ukitetemeka, utetemeke mbele ya watu wema. Uwaite waje, na wakusikie, na wasikose pumzi siku zote utakazosimama mbele yao. Nenda salama, mwanangu.